Tagi, kadi, simu au kidole: kuchagua ufunguo wa umeme wa jengo lako

Chukua tagi ya buluu unayofungulia mlango wa chini, au ile kadi nyeupe iliyo nene kidogo, uigeuze. Mara nyingi utakuta mstari wa tarakimu, kwa mfano 0007654321 116,52145. Wengi hudhani ni namba ya stoo ya muuzaji. Huo ndio ufunguo wenyewe, umeandikwa mara mbili. Fungua kikokotoo cha simu, gawanya 7,654,321 kwa 65,536: unapata 116, na baki ni 52,145. Namba hizo mbili ndizo kisomaji cha kawaida kinazozipeleka kwenye kontrola, kile kifaa kinachoamua mlango ufunguke au la, kila unapogusisha, na hakuna kingine kinachopelekwa. Kwa hiyo aliyeipiga picha tagi yako ikiwa juu ya meza ya mgahawa ameshapata anachohitaji kuitengenezea pacha.

Watu hulinganisha mifumo ya milango kwa bei, kwa mwonekano wa kisomaji, au kwa wepesi wa kufunguka. Swali linalotenganisha mfumo salama na usio salama ni moja: mlango ukikutana na ufunguo, unauliza namba au unadai uthibitisho? Namba ikishasikika mara moja inaweza kurudiwa na yeyote. Uthibitisho hutolewa upya kila mara: kisomaji hutuma namba ya kubahatisha, chipu huijibu kwa hesabu inayohitaji siri iliyomo ndani yake, na siri yenyewe haitoki. Aliyesikiliza leo hana cha kurudia kesho.

Tagi na kadi za 125 kHz

Hizi, zinazowasiliana na kisomaji kwa masafa ya redio ya kilohezi 125, ndizo zilizojaa mitaani, kwa kuwa ni za bei ndogo na mafundi wamezizoea. Ndani kuna chipu ya EM4100 au mfano wake TK4100, yenye biti 64 tu: 9 za kuanzisha mstari, 40 za data, na zilizobaki ni za kukagua makosa na kufunga mstari. Haina betri. Ikikaribia kisomaji inapata nguvu na papo hapo inaanza kutangaza namba yake, tena na tena, mpaka uiondoe. Haijui nani anasikiliza, na haina sehemu ya kufanyia hesabu yoyote.

Fundi wa funguo mwenye mashine ndogo ya mkononi huinakili kwenye chipu ya T5577, ambayo inaandikika upya, kwa muda mfupi kuliko wa kuchonga ufunguo wa chuma. Kadi za Prox za kampuni ya HID, zenye biti 26, ni ndugu wa hizi: biti 8 za namba ya jengo (0 hadi 255), biti 16 za namba ya kadi (0 hadi 65,535) na biti 2 za ukaguzi. Ni kadi imara zinazodumu miaka mingi, lakini kwa usalama zinakaa mstari mmoja na tagi ya buluu.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba nakala haionekani kwenye kumbukumbu za mfumo. Mpangaji anahama, anarudisha tagi, anabaki na nakala. Msimamizi anampa mpangaji mpya tagi ileile, na kuanzia siku hiyo watu wawili wanaingia kwa jina moja. Tagi iliyorudishwa isipewe mtu mwingine hata kama ni nzima. Futa namba yake, toa mpya.

Zina mahali pake: geti la maegesho lenye askari anayetazama nyuso, au mlango unaotaka tu kuhesabu nani kaingia. Kwa mlango wa nje wa jengo wanamolala watu, usizinunue leo.

MIFARE Classic na “kadi za smati”

Muuzaji atakupandisha ngazi moja: kadi ya 13.56 MHz. Mara nyingi ni MIFARE Classic 1K, chipu ya mwaka 1994, au mfano wake. Hii ina siri: sekta 16, kila moja na funguo mbili za biti 48, na usimbaji (hesabu ya kuficha ujumbe) uitwao Crypto1. Kosa lilikuwa kuuficha usimbaji huo badala ya kuuweka wazi ukaguliwe na wajuzi. Desemba 2007, Karsten Nohl na Henryk Plötz walieleza mjini Berlin jinsi walivyoichambua chipu kwa kuikwangua tabaka kwa tabaka na kuitazama kwa hadubini. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakauvunja kabisa. Watengenezaji, NXP, walikwenda mahakamani kuzuia makala isichapishwe; Julai 2008 mahakama ya Arnhem ikakataa ombi lao. Kadi ya usafiri ya Oyster ya London, iliyokuwa kwenye chipu hiyohiyo, ilihamishiwa DESFire, chipu nyingine ya NXP iliyo imara zaidi. Milango ya majengo imebaki nyuma.

Usidanganyike na matoleo “yaliyoimarishwa” ya mfano wake. Agosti 2024 kampuni ya Quarkslab ya Ufaransa ilieleza kwamba chipu ya FM11RF08S ya Shanghai Fudan Microelectronics, iliyotoka 2020 ikiwa na kinga mpya dhidi ya mashambulizi yaliyojulikana, ina ufunguo wa “mlango wa nyuma”, yaani njia iliyofichwa ya kuipita siri ya kadi, ulio sawa kwenye kadi zote za aina hiyo. Risiti ya dukani haitakuambia ni chipu gani. Itaandika “Mifare” basi.

Hata hivyo, kwenye majengo mengi mvunjaji hana haja ya kuigusa Crypto1. Kisomaji hakifungui sekta yoyote. Kinasoma namba ya utambulisho wa chipu, yenye baiti 4, ambayo kila kadi huitaja bila kudai siri, na kuipeleka kontrola. Zipo kadi tupu zinazoruhusu namba hiyo kuandikwa upendavyo. Hapo umelipia kadi ya smati, ukapata tagi ya buluu iliyobadilishwa masafa.

Ili ujue una kadi gani mkononi, ibane kwenye tochi ya simu gizani. Kadi nyembamba ya 125 kHz huonyesha koili yenye mizunguko mingi ya waya mwembamba kama uzi, mara nyingi ya duara. Ya 13.56 MHz huonyesha mizunguko michache inayofuata kingo za kadi. Kisha iguse nyuma ya simu ya Android yenye NFC, yaani mawasiliano ya kugusisha ya 13.56 MHz, ikiwa na programu ya TagInfo ya NXP, inayopatikana bure: itakutajia Classic, Plus, DESFire EV1, EV2 au EV3. Simu ikinyamaza kabisa, kuna uwezekano mkubwa ni 125 kHz, kwa sababu NFC ya simu haisomi masafa hayo.

DESFire: chaguo zuri lenye masharti

DESFire kuanzia EV1 na kuendelea, pamoja na kadi za daraja hilo kama Seos ya HID, hufanya uthibitisho wa kweli kwa usimbaji wa AES wa biti 128, uliokaguliwa hadharani kwa miaka mingi. Toleo la kwanza kabisa, MF3ICD40, lilivunjwa mwaka 2011 na David Oswald na Christof Paar wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum: walipima umeme unaotumiwa na kadi inapofanya hesabu, na baada ya kama saa 7 na kadi mkononi wakaitoa siri. Ukikutana na mabaki ya toleo hilo dukani, yaache. Kwa jengo jipya nunua EV2 au EV3. Tofauti ya bei na EV1 haitoshi kukurudisha nyuma.

Masharti sasa. La kwanza ndilo linalovunjwa kila siku: kadi ni DESFire, lakini kisomaji kimewekwa kusoma namba ya utambulisho tu. Baiti 7 badala ya 4, ila bado ni namba. Fundi hufanya hivyo kwa kuwa ni haraka, hakuna cha kuandika kwenye kadi, na mlango unafunguka vizuri mbele ya mteja.

Kuna jaribio la dakika mbili ambalo halihitaji utaalamu. Siku ya kukabidhiwa kazi, mpe fundi kadi yako ya benki ya kugusisha, au kadi yoyote ya usafiri, umwambie aisajili kama ufunguo wa mlango. Ikisajilika na mlango ukafunguka, mfumo unasoma namba tu, maana kadi ya benki haina siri ya jengo lako ndani yake. Mfumo uliowekwa sawasawa utaikataa. Usifanye jaribio hili kwa simu: simu nyingi hutoa namba ya utambulisho inayobadilika kila mara, ikianza na 08, kwa hiyo kukataliwa kwake hakuthibitishi chochote. Baada ya jaribio, hakikisha kadi yako imefutwa kwenye mfumo.

Sharti la pili ni siri kuu. Kila kadi inatakiwa iwe na ufunguo wake, uliotokana na ufunguo mkuu wa jengo ukichanganywa na namba ya kadi, ili kadi moja ikivunjwa zisianguke zote. Uliza nani anao huo ufunguo mkuu. Baadhi ya wasambazaji hutumia mmoja kwa wateja wao wote, na wengine huacha ufunguo wa kiwandani, ambao kwa DESFire ni sifuri tupu na kwa Classic ni FFFFFFFFFFFF. Andika kwenye mkataba kwamba ufunguo mkuu utatengenezwa kwa ajili ya jengo lako peke yake, na nakala yake utakabidhiwa wewe ndani ya bahasha iliyofungwa. Usipofanya hivyo, ukitaka kubadilisha fundi baada ya miaka mitatu utalazimika kubadilisha kadi zote.

La tatu ni visomaji vya “kusoma kila kitu”. Vinasaidia wakati wa kuhama kutoka kadi za zamani. Lakini kikiachwa kinakubali 125 kHz baada ya kuhama, mwizi hatahangaika na DESFire. Atatumia nakala ya tagi ya zamani. Na MIFARE Plus, ambayo huuzwa kama daraja kati ya Classic na AES, ikiachwa kwenye ngazi ya kwanza ya usalama hutenda kama Classic ileile.

Simu

Simu hutoa uthibitisho wa kweli, watu hawaisahau nyumbani, hawaikopeshi ovyo, na ruhusa hufutwa ukiwa mbali. Kwa ofisi yenye wafanyakazi wanaoingia na kutoka kila mwezi, hiyo ni nafuu kubwa.

Udhaifu wa Bluetooth ni urefu wa mkono wake. Mei 2022 kampuni ya usalama wa kompyuta ya NCC Group walionyesha jinsi vifaa viwili vinavyoweza kubeba mawasiliano kati ya simu iliyo mbali na kufuli, hadi kufuli ikaamini simu ipo mlangoni. Usimbaji haukuvunjwa, njia tu ndiyo iliyorefushwa. Dawa yake ni mipangilio: zima ufunguzi wa simu ikiwa mfukoni, lazimisha simu iwe imefunguliwa kwa kidole au namba ya siri kabla ya kufungua mlango, na pale inapowezekana tumia NFC ya kugusisha, isiyovuka sentimita chache.

Kwa makufuli ya bei ndogo yanayoendeshwa na programu ya simu kuna hatari isiyo ya kiufundi kabisa: akaunti ya msimamizi mkuu imesajiliwa kwa baruapepe ya fundi. Yeye ndiye mwenye mlango, wewe ni mgeni wake. Siku ya makabidhiano akaunti ihamishiwe baruapepe ya jengo, si ya mtu binafsi, nenosiri libadilishwe mbele yako, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe.

Namba za siri na vidole

Kibodi ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Itazame baada ya mwaka: vitufe vinne vimefifia au vinang’aa kwa mafuta ya vidole, na michanganyiko inayowezekana imeshuka hadi 24. Namba ya siri inayotumiwa na jengo zima huishia kujulikana na waleta chakula wote wa mtaa. Kama kibodi ni lazima, kila mtu awe na yake, tarakimu sita, kifaa kijifunge kwa muda baada ya makosa matano, na ibaki kama nyongeza ya kadi. Kabla ya hayo yote, badilisha namba ya msimamizi ya kiwandani. Kwenye vifaa vingi vya bei ndogo huwa ni 123456, 888888 au 999999, na imechapishwa kwenye kijitabu ambacho kila mtu anaweza kukisoma.

Kidole kinapendwa na maofisi kwa sababu mtu hawezi kumgongea mwenzake mahudhurio. Hilo ni kweli, na kama shida yako ni mahudhurio, kidole kinaitatua. Kwa mlango ni jambo jingine. Mafundi ujenzi wanaoshika saruji, wafua nguo na wazee wenye ngozi kavu hukataliwa mara kwa mara, na msimamizi aliyechoka hushusha kiwango cha ulinganishaji mpaka kifaa kinakubali vidole visivyo vyake. Na kadi ikivuja unatoa nyingine. Kidole hutapata kingine.

Hatari hii imeshatokea. Agosti 2019 iligundulika kwamba hifadhidata ya BioStar 2, mfumo wa milango wa kampuni ya Suprema, ilikuwa wazi mtandaoni, ikiwa na alama za vidole za watu zaidi ya milioni moja. Juni 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky walitangaza udhaifu 24 kwenye kifaa cha utambuzi cha ZKTeco, chapa iliyozagaa sana Afrika Mashariki. Mmojawapo uliruhusu mtu kukipumbaza kwa kukionyesha msimbo wa QR uliotengenezwa makusudi. Ukishakuwa na kifaa cha aina hii, kisasishe programu yake, kiweke kwenye mtandao wake wa ndani usioguswa na intaneti ya wageni, na kama hutumii QR uizime.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinahesabu alama za vidole kuwa taarifa nyeti. Kamati ya wapangaji inayokusanya vidole vya watoto na wafanyakazi wa ndani ijue imebeba wajibu huo: kueleza sababu, kulinda, na kufuta mtu akihama. Kwa maoni yetu nyumba za kupanga hazina sababu ya kukusanya vidole. Kama unalazimika, chagua mfumo unaohifadhi kiolezo cha kidole ndani ya kadi ya mtu mwenyewe, ili kusiwe na ghala la vidole popote.

| Ufunguo | Mlango unauliza | Kuunakili | Tunaupendekeza kwa |
|---|---|---|---|
| 125 kHz | namba | sekunde chache, mashine ya mkononi | geti lenye askari |
| MIFARE Classic | namba, au siri iliyovunjwa | dakika hadi saa | kutumia zilizopo huku ukihama |
| DESFire EV2/EV3 iliyowekwa sawasawa | uthibitisho | hakuna njia ya vitendo inayojulikana hadharani | nyumba na ofisi |
| Simu, NFC au Bluetooth iliyobanwa | uthibitisho | vigumu. Jihadhari na kurefushwa njia | ofisi, wageni wa muda |
| Kibodi peke yake | namba | kuchungulia tu | stoo ya mafagio |
| Kidole | mfanano | hutegemea kifaa | mahudhurio |

Waya za nyuma ya kisomaji

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Unaweza kuwa na DESFire EV3 mkononi, lakini kati ya kisomaji na kontrola kukawa na waya za Wiegand, njia ya zamani ya kupeleka namba: ya kijani kwa sifuri, nyeupe kwa moja, nyekundu ya umeme, nyeusi ya ardhi. Uthibitisho mzuri uliofanyika hewani unageuzwa kuwa namba tupu, na namba hiyo inapita kwenye waya bila kusimbwa, upande mmoja tu. Kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat wa 2015 Mark Baseggio na Eric Evenchick walionyesha BLEKey, kijibao kidogo kinachobanwa kwenye waya hizo nyuma ya kisomaji, kikahifadhi namba na kuzirudia baadaye.

Mbadala ni OSDP, kiwango cha mawasiliano kati ya kisomaji na kontrola kinachopita kwenye waya za aina ya RS-485, chenye mazungumzo ya pande mbili na uwezo wa kusimba kwa AES wa biti 128. Waya yake hufika hadi mita 1,200, wakati Wiegand huishia kama mita 150. Inataka waya za jozi zilizosokotwa, na kwenye njia ndefu ukinzani wa omu 120 kwenye ncha zote mbili. Fundi akichukua waya wowote uliopo stoo, visomaji vitapotea hewani saa za mvua na radi na atalaumu kontrola.

Neno la kushika hapo ni “uwezo”. Usimbaji wa OSDP ni hiari. Mwaka 2023 Dan Petro na David Vargas wa kampuni ya Bishop Fox walionyesha jinsi mifumo ya OSDP inavyoangushwa: vifaa vilivyoachwa kwenye hali ya usakinishaji vikikubali ufunguo mpya kutoka kwa yeyote, ufunguo wa kiwandani usiobadilishwa, na kontrola inayokubali kisomaji kinachodai hakijui kusimba. Kwa hiyo mwulize fundi mambo matatu, na uyaone kwenye skrini: njia salama imewashwa kwa kila kisomaji, ufunguo si wa kiwandani, hali ya usakinishaji imezimwa.

Kosa kubwa kuliko yote mtaani ni dogo kwa umbo. Vile vifaa vya “vyote kwa pamoja”, yaani kibodi, kisomaji na rilei (swichi ya umeme) ndani ya kasha moja, hubandikwa nje ya mlango. Rilei inayofungua kufuli iko ndani ya kasha hilo. Mwenye bisibisi akilitoa ukutani, waya za kufuli ziko mbele yake, na kadi uliyoinunua haina tena kazi yoyote. Rilei lazima ikae upande wa ndani, kwenye kontrola iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Nje kibaki kisomaji tu, na swichi yake ya kutambua kung’olewa iunganishwe na kengele. Ukiwa na bajeti ya kufanya jambo moja tu kati ya yote yaliyoandikwa hapa, fanya hili.

Kufuli yenyewe na umeme ukikatika

Kufuli ya sumaku yenye nguvu ya kushika kilo 280 hula kama ampea 0.5 kwa volti 12 muda wote, na umeme ukiisha mlango uko wazi. Ongeza kontrola na kisomaji, useme 0.8 kwa jumla: betri ya ampea-saa 7 (7 Ah) kwa hesabu ya karatasi ingefika saa 8 na dakika 45, lakini betri ya risasi yenye mwaka mmoja kwenye joto la pwani ikikupa saa 5 ushukuru. Kitasa cha umeme kinachobaki kimefungwa hutumia umeme wakati wa kufungua tu, na betri ileile huvuka usiku. Kwa mlango wa nje wa nyumba sisi huchagua kitasa, kwa sharti kwamba upande wa ndani kuna mkono wa kawaida unaofungua bila umeme wala kadi. Kwenye njia ya kukimbilia moto hakuna mjadala: mtu wa ndani atoke kwa kusukuma au kushika mkono, na kama kuna sumaku basi kiwepo kitufe cha dharura kinachokata umeme wa sumaku moja kwa moja bila kupitia kontrola.

Sumaku dhaifu mara nyingi si mbovu. Bamba la chuma la mlangoni linatakiwa licheze kidogo juu ya washa (pete) yake ya mpira ili lilale bapa kwenye sumaku. Likikazwa mpaka mwisho linagusa upande mmoja na nguvu inashuka vibaya. Sababu ya pili ni waya mwembamba. Mita 30 za waya wa mtandao, kwenda na kurudi mita 60, zina ukinzani wa kama omu 5, na kwa sumaku hiyo unapoteza zaidi ya volti 2 njiani. Waya wa milimita mraba 1.5 hupoteza chini ya nusu volti. Pima volti pale kwenye sumaku, ikiwa imewashwa, usipime kwenye kifaa cha ugavi wa umeme.

Hoteli ni ulimwengu wake

Makufuli ya vyumba mengi hayaunganishwi na kontrola. Haki ya kufungua imeandikwa ndani ya kadi. Machi 2024 watafiti akiwemo Ian Carroll na Lennert Wouters walitangaza udhaifu kwenye makufuli ya Saflok ya kampuni ya dormakaba, yaliyo kwenye milango zaidi ya milioni 3 katika nchi 131, yakitumia MIFARE Classic: kwa kadi yoyote ya hoteli hiyo, hata iliyokwisha muda, wangeweza kutengeneza kadi mbili zinazofungua kila chumba. Kubadilisha kadi peke yake hakutibu. Kila kufuli hufuatwa mlangoni na kusasishwa au kubadilishwa, pamoja na programu ya mapokezi na mashine ya kuandikia kadi. Mwenye hoteli anayenunua leo aulize kadi ni ipi (Ultralight C au DESFire, si Classic) na nani atakayepita chumba kwa chumba siku ya kusasisha.

Kwa jengo lililo na tagi za zamani

Jengo la nyumba 12 lenye mlango mmoja na geti halihitaji kubomoa kila kitu. Anza na rilei: ihamishie ndani. Kisha weka kontrola yenye OSDP na visomaji viwili vinavyosoma 125 kHz na DESFire kwa pamoja. Agiza kadi tatu kwa kila nyumba na akiba ya kumi, jumla 46, zikiandikwa kwa ufunguo mkuu wa jengo. Zitoe kwa sahihi, nyumba kwa nyumba, ndani ya wiki mbili, na kila mtu akipokea mpya namba yake ya zamani ifutwe palepale. Wiki ya tatu zima 125 kHz kwenye visomaji vyote viwili, halafu upite na tagi ya buluu mfukoni ujaribu mwenyewe kila mlango. Utakaofunguka, mwite fundi kabla hujamlipa sehemu ya mwisho.